Mwitikiaji wa Bi Mkubwa

Kwanza niseme hili tusije tukagombana mbele ya safari. Wanaosema yule mama alikuwa mharibifu wa hadithi, hawajui hadithi ni nini. Na wanaosema alimfanyia mwenzake kusudi siku ile ya sherehe, waje waniambie mimi usoni. Nyumba yetu wanaijua. Hawaji. Wanasemea kisimani, na wakiniona natokea na ndoo yangu wanaanza kuulizana bei ya muhogo. Yeye mwenyewe sasa hayupo kujisemea. Nimebaki mimi, na mimi sijaumbwa kunyamaza.

Tulimwita Mwitikiaji. Jina alilopewa na wazazi wake alikuwa nalo, tena jina zuri, lakini kijijini kwetu, upande wa Msambweni, hakuna aliyelitumia. Kwetu hadithi haiendi peke yake. Lazima awepo wa kutoa na wa kupokea. Anayetoa anabisha kwanza: "Nina mzigo!" Anayepokea anamjibu: "Tua tuone!" Asipojibiwa, haanzi. Na hata akianza, kila anapovuta pumzi yule mpokeaji anatia neno lake, ehee, kumbe, akasemaje, ikawaje. Sasa kusema ehee si kazi, hata mbuzi ukimfundisha atasema. Lakini Mwitikiaji alikuwa anapokea hadithi kama unavyopokea ndoo iliyojaa kutoka kwa mtu. Ukimpa kwa pupa, anakutuliza. Ukizembea, anaivuta. Hakuna tone linalomwagika.

Na anayemtolea hizo hadithi alikuwa nani? Mke mwenzake. Hapo ndipo watu wa mbali wanapoanza kucheka.

Mume wao alikuwa muashi. Alipofariki aliwaachia nyumba moja, ua mmoja na kisima kimoja, na wao wenyewe wakajigawia ugomvi sawasawa, kila mtu fungu lake. Mkubwa tulimwita Bi Mkubwa, ndiye mtoaji. Mchana hawa wawili walikuwa hawasemeshani. Si kwamba hawakuambizana maneno, la, waliambizana kutwa nzima, lakini kupitia kwa mtu mwingine, hata kama huyo mtu ni mimi, mtoto wa jirani, nimekaa katikati yao natafuna muwa.

"Mwambie huyo mwenye nyumba," Mwitikiaji ananiambia, na mwenye nyumba yuko pale pale anasikia, "kuku wake amekula mpunga wangu."

"Mwambie huyo mgeni," Bi Mkubwa anajibu, "kuku haandikwi jina. Amemjuaje kuwa wangu?"

"Mwambie ana tabia za mwenyewe."

Nikageuka huku, nikageuka huku, shingo inaniuma kwa kucheka. Lakini jua likishatua, watu wameswali magharibi, wamekula, Bi Mkubwa anakunja miguu mkekani, anashika ukili wake, ile mikanda ya miyaa inayosukwa ndipo ishonwe mkeka, halafu anaita bila kumtazama mtu. "Nina mzigo!" Na kabla sisi wengine hatujafungua midomo, sauti ya Mwitikiaji imeshafika: "Tua tuone!" Wallahi ungesikia ungedhani ni ndugu waliopotezana.

Na ule ugomvi wa mchana haukwenda popote. Uliingia ndani ya hadithi.

Nakumbuka siku moja wali wa nazi uliungua. Ilikuwa zamu ya Mwitikiaji jikoni. Jioni Bi Mkubwa akatua mzigo wake: palikuwa na mtu ana wake wawili, na mdogo alikuwa mvivu, akaacha wali ukaungua mpaka harufu ikalifikia zimwi huko msituni lilikolala. Sisi wote tukainamisha vichwa. Tulijua nani anapigwa.

"Ehee," akasema Mwitikiaji, mikono yake inasuka vilevile. "Na huyo mke mdogo alikuwa wapi wali unaungua?"

"Alikuwa amelala."

"Amelala? Au alikuwa kisimani anamtekea maji mke mkubwa, aliyeamka mgongo unamuuma?"

Ukili ukasimama mkononi mwa Bi Mkubwa. Maana asubuhi ile ile alikuwa ameamka na mgongo, na ndoo zake zilijazwa, na yeye hakuuliza nani kazijaza.

"Alikuwa kisimani," akasema mwisho, polepole.

"Kumbe. Na zimwi likaja kwa nani?"

Basi ilibidi zimwi ligeuzwe njia! Lilikuwa limeshafika mlangoni kwa mke mdogo, likarudishwa uani, likapitishwa kwa mke mkubwa kwanza. Tulicheka mpaka wengine wakatoka nje. Asubuhi yake nikaitwa: "Mwambie huyo mgeni nimembakishia kitumbua." Hilo tu. Na mgeni akala.

Ndiyo maana mimi hukasirika wakisema alikuwa anakatiza. Alikuwa anakatiza, ndiyo! Sasa? Hadithi ya Bi Mkubwa asipokuwepo yeye ilikuwa nzuri, nakubali, lakini ilikuwa inakwenda pale ilipotaka kwenda tangu mwanzo. Akiwepo yeye, hata Bi Mkubwa hakujua itaishia wapi. Nilimwona kwa macho yangu mara nyingi, ameulizwa swali, ametua ukili, anafikiri. Anatafuta jibu kwenye dari kama mtu anayetafuta sindano. Halafu anasema kitu ambacho hata yeye kinamshangaza.

Mwitikiaji alikuwa mtu wa ajabu katika mambo ya kuamini. Mchana hakuamini chochote. Ukimletea sukari anaipima tena kwa mkono wake. Ukimwambia fulani anaumwa, anauliza umemwona au umesikia. Redio ilipofika kwa mwenye duka, ikatangaza watu wanapanda juu mbinguni na chombo, alisema huyo mtangazaji mama yake hakumlea. Lakini jioni ukimwambia sungura ameoa binti wa sultani, hana shida kabisa na hilo. Anachotaka kujua ni mahari alipokea nani, na kama mama wa binti aliulizwa. Nilimcheka siku moja. Nikamwambia, "Bibi, mchana unakataa ukweli, usiku unakubali uongo."

"Redio nikiiuliza inanijibu?" akaniambia.

"Haijibu."

"Basi. Mimi mtu asiyejibu simwamini."

Na machozi yake nayo yalikuwa hayana mpango. Alipozikwa ndugu yake wa tumbo moja alikuwa jikoni anaosha masufuria ya wageni, jicho kavu, watu wakamsema. Lakini kulikuwa na mbuzi mmoja wa hadithi ya Bi Mkubwa, mbuzi aliyeachwa kisiwani kuwasubiri wenyewe wasiorudi, na kila alipofika pale mbuzi anapopanda kwenye jiwe kutazama, Mwitikiaji alikuwa analia kama mtoto. Alijua mwisho. Alikuwa ameusikia tangu mimi sijazaliwa. Analia, na huku anauliza, "Na maji ya kunywa anapata wapi?"

Mikeka pia. Alipokuwa anashona mkeka, rangi anapanga mwenyewe, nyekundu, zambarau, ile ya manjano ya mizizi. Hoteli za Diani zilipoanza kuota kulikuwa na mchuuzi anakuja kununua mikeka awapelekee Wazungu. Siku moja kauliza, hili pambo maana yake nini, wageni wanataka kujua.

"Wewe unaona nini?" Mwitikiaji kamuuliza.

"Naona kama mawimbi."

"Waambie mawimbi."

"Na hili?"

"Hilo unaona nini?"

"Samaki?"

"Waambie samaki."

Bi Mkubwa kwa upande wake wa ua kashindwa kuvumilia. "Mwambie huyo mgeni asidanganye watu! Hiyo ni njia ya siafu, na mama yangu mimi ndiye aliyeitoa."

"Mwambie mwenye nyumba siafu hawauziki."

Mchuuzi alipokwenda zake nilimuuliza kwa nini hakusema ukweli. Akaniambia, mtu ukishamwambia hii ni siafu, hatazami tena. Amepata siafu zake, anakalia mkeka. Acha atazame.

Sasa tuje kwa Mwalimu.

Uhuru ulipokuja tuliletewa mwalimu kijana, mtu wa bara, wazazi wake walikuwa wamepata shamba kule kwenye makazi mapya, serikali ilikogawa ardhi. Mkristo, mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka linakata. Asubuhi alifundisha watoto, alasiri akafungua kisomo cha watu wazima. Mimi kusoma nilikuwa nimeshajifunza mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari, lakini nilikwenda, kwa sababu Mwitikiaji alikuwa anakwenda na nilitaka kuona atamfanya nini.

Mwalimu alikuwa na kitabu cha hadithi za Ulaya, kina picha. Tukimaliza herufi anatusomea kidogo, anageuza kwa Kiswahili chake cha bara. Siku ya kwanza ilikuwa binti wa mfalme aliyefungiwa kwenye jumba la barafu, akaja mwana wa mfalme mwingine, akalivunja, akamuoa.

"Kuni walikuwa wanatoa wapi?" akauliza Mwitikiaji.

Mwalimu akatabasamu. "Mama, tusikilize kwanza. Maswali mwisho."

"Mwisho watu wameshaondoka. Nauliza sasa hivi ambapo anaona baridi."

Darasa likacheka. Mwalimu akaendelea. Akafika pale pa kuoa.

"Alimuoa papo hapo? Na mahari?"

"Haikutajwa, mama."

"Shangazi zake walikuwa wapi? Binti mzima amefungiwa na hakuna hata shangazi mmoja aliyekuja kubisha?"

Akina mama wakaanza kujadiliana shangazi zake wangekuwa wapi. Kisomo kikavurugika, Mwalimu kasimama na kitabu chake wazi. Siku nyingine akatuonyesha picha ya zimwi. Zimwi la Kizungu, jekundu, pua ndefu, limetoa meno. Kitabu kikapita mkono kwa mkono. Kilipomfikia Mwitikiaji alikitazama sana, akakigeuza juu chini.

"Huyu si zimwi," akasema. "Huyu ni mtu anaumwa na jino."

Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Lakini usiseme alikuwa anadharau. Baadaye tukiwa njiani nilimuuliza, akanieleza taratibu, alivyokuwa anaeleza mambo aliyoyafikiri. Zimwi la Bi Mkubwa, akasema, halina uso. Bi Mkubwa anasema tu lilikuja, na miti ikainama. Basi kila aliyekaa pale analitia uso wake mwenyewe, wewe wa kwako, mimi wa kwangu, na wa kwangu siwezi kukwambia. "Ile picha imejijibu yenyewe kila kitu," akasema. "Mimi nibaki na kazi gani?"

Na Mwalimu, sitaki kumwonea, hakuwa mtu mbaya. Alianza kuja nyumbani kwao jioni. Anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, shati lake lile, anamsikiliza Bi Mkubwa. Siku ya mbuzi wa kisiwani nilimwona anafuta macho. Alimpenda Bi Mkubwa kweli. Alikuwa anasema huyu mama ni fundi, huyu ni hazina, dunia nzima inapaswa kumsikia. Lakini kila Mwitikiaji alipotia neno, uso wa Mwalimu ulikuwa unakunjamana, kama mtu amekaa mahali pa heshima na mwenzake anakohoa.

Ndipo zikaja sherehe za uhuru, na uwanja wa shule yetu ukachaguliwa. Mkubwa wa wilaya atakuja kutoka Kwale, watu watatoka Matuga, ngoma itatoka Kinango. Mwalimu ndiye mpangaji, akamuomba Bi Mkubwa atoe hadithi mbele ya wageni. Bi Mkubwa alijifanya kukataa, ikabidi abembelezwe, lakini sote tulimwona anavyotembea. Alitembea kama msichana.

Mwitikiaji naye alikuwa hajielewi. Hakusema lolote, lakini nilimkuta anafua nguo zake za Idi. Kwake haikuwa na swali. Bi Mkubwa anakwenda kutua mzigo mbele ya wakubwa, nani ataupokea kama si yeye?

Siku chache kabla ya sherehe Mwalimu akamjia. Nilikuwepo, tunachambua kunde. Akachuchumaa kwa adabu zake zote.

"Mama, nakuomba kama mtoto wako. Siku hiyo umwachie nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ang'are peke yake. Wageni hawajazoea. Watajiuliza, nani huyu anamkatiza mama mtu mzima? Nimewaambia watu wote wanyamaze, wasikilize kwa heshima, mwisho wapige makofi."

"Wanyamaze?" nikaruka mimi. "Watu wote wanyamaze, mtu anasema? Huo si msiba?"

"Dada, ngoja kidogo."

"Singoji! Wewe umekaa na sisi juzi tu..."

Mwitikiaji akaniwekea mkono gotini. Nikarudi kwenye kunde zangu. Akamtazama Mwalimu.

"Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo?"

"Amefurahi sana, mama. Hujui alivyofurahi."

Sasa hilo ni jibu? Mtoto mdogo angejua si jibu! Nilimgeukia yule mwanamke, aliyekuwa anamuuliza sungura mambo ya ndoa yake, nikasubiri amuulize tena. Hakuuliza. Aliinama akaendelea kuchambua kunde, na Mwalimu akashukuru akaondoka.

"Bibi, utakubali?"

"Huenda ni kweli," akasema. "Miaka yote namtilia maneno yangu katikati. Hajawahi kuwa na hadithi yake yeye mwenyewe mpaka mwisho. Siku moja tu nimpe yote."

Nikasema nikamwambie Bi Mkubwa. Akanikataza kwa ukali. Zawadi haitangazwi, akasema. Na jioni alichukua leso yake mpya, ile aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya sherehe, akaiacha mlangoni kwa Bi Mkubwa bila kutuma neno.

Siku ikafika. Bendera kila mahali, watoto wameimba, ngoma ya Kinango imetimua vumbi, mkubwa wa wilaya amehutubia. Halafu akaitwa Bi Mkubwa.

Ilikuwa mchana. Na kwetu hadithi haitolewi mchana, tangu utotoni tunaambiwa ukifanya hivyo utaota mkia. Watu wa Mwalimu hawakulifikiria hilo, lakini Bi Mkubwa alikuwa amelifikiria. Alipanda pale jukwaani amejitanda ile leso mpya, akawatazama watu, akasema, "Nitafanya usiku wangu mwenyewe." Halafu akaivuta leso mpaka kidevuni, uso wote ukafunikwa. Wageni wakacheka kidogo, wakanyamaza.

"Nina mzigo!" akaita.

Kimya.

Sijasikia kimya kama kile. Watu mamia kwa mamia wamekaa, wameshika pumzi kama walivyoamriwa. Bendera zinapigapiga. Mtoto mmoja mbele akaanza kusema "Tu..." akafinywa. Mwitikiaji alikuwa pembeni yangu, ameng'ang'ania kiganja changu mpaka mfupa. Midomo ameibana.

"Nina mzigo," akaita tena Bi Mkubwa, sauti imeshuka.

Nikafungua mdomo. "Nyamaza," akaninong'oneza Mwitikiaji. "Usimharibie."

Chini ya ile leso Bi Mkubwa aligeuza kichwa huku, akageuza huku. Haoni mtu. Kwake yeye watu walikuwa wameondoka, au walikuwa wamekaa wanamtazama tu bila kumtaka. Ndipo akaita jina. Jina la Mwitikiaji, lile la wazazi wake. Mimi sikuwahi kumsikia akilitamka. Aliliita kama mtu aliyezimikiwa na taa anavyomwita wa nyumba yake.

Mwitikiaji akasimama. Nilimwona na macho yangu haya. Akasimama wima, akafungua kinywa, akasema kwa nguvu zake zote, "Tua!"

Na wakati uleule Mwalimu, masikini, kaona mama wa watu amesahau hadithi, kataka kumwokoa, kaanza kupiga makofi. Uwanja mzima ukamfuata. Walikuwa wameambiwa mwisho wapige makofi, wakadhani ndio mwisho. Ile sauti ililiwa yote. Mimi niliyekuwa pembeni yake niliisikia, na baada yangu hakuna mwingine.

Bi Mkubwa akaivuta leso chini. Akaona umati unapiga makofi. Akaona mke mwenzake kasimama katikati ya wote, kinywa wazi. Wewe ungedhani nini? Alidhani anamcheka.

Aliikunja ile leso vizuri, akaiweka juu ya kiti, akashuka, akatembea kwenda nyumbani peke yake.

Baada ya hapo maneno yakaanza. Kamlipizia. Ya ndani yao yametoka. Nilipigana na mtu kisimani kwa ajili hiyo, ndoo yangu ikapasuka, na sijutii. Mwalimu alikuja kuomba radhi. Bi Mkubwa alimpokea, akampa chai, akamuuliza hali ya wazazi wake, na juu ya siku ile hakutamka neno. Mwaka uliofuata Mwalimu alihamishwa. Nilimsema sana siku alipokuja kuaga, akasimama ananisikiliza, akasema, "Dada, nilitaka wamsikie tu."

Hadithi ziliisha nyumba ile. Lakini hilo silo lililoniuma zaidi. Lililoniuma ni mchana. Kuku alikula mpunga, na hakuna aliyetuma neno. Nikakaa katikati yao nikingoja kutumwa, na kila mmoja anasuka ukili wake. Nilikwenda mwenyewe kwa Bi Mkubwa kumweleza. Hata sikufika mbali.

"Mwanangu," akanikata, "wewe umejaliwa mdomo. Kauuzie samaki Ukunda."

Mwitikiaji alipojua alinikasirikia. "Hayo ni yangu," akasema. "Usiyabebe." Lakini hakuyasema. Aliogopa, nadhani. Maswali alikuwa nayo kila siku, na la kusema hakuwa amezoea kulianza yeye.

Nikaolewa Ukunda. Samaki kweli nikauza, na mikeka, na mdomo wangu ukanifaa. Siku moja nikasikia Bi Mkubwa hajiwezi, kifua. Nikachukua sukari na dawa ya kuchua nikaenda. Ilikuwa alasiri, mvua ya masika inamwagika hasa, nikaingia nimelowa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, jifute."

Ni Mwitikiaji aliyeniitikia. Bi Mkubwa alikuwa kitandani, amegeukia ukuta. Mwitikiaji amekaa kwenye kigoda na bakuli la uji, na nilivyoona ndivyo ilivyokuwa siku zote: anamlisha, anamwosha, anamgeuza, na hawasemi. Bi Mkubwa alikuwa amekonda. Nilimsalimia akainua vidole tu.

Tukakaa. Mvua inapiga makuti. Mwitikiaji akakoroga uji ambao hauhitaji kukorogwa. Halafu, bila kubisha, bila kumtazama mtu, akaanza.

"Palikuwa na mtu ana wake wawili."

Nikamtazama. Maisha yangu yote sikuwa nimemsikia akitoa hadithi. Kinywa changu kilikuwa tayari kuitika, ehee ilishafika kwenye ulimi, halafu nikaona bega la Bi Mkubwa limekaza. Nikaimeza. Haikuwa yangu.

"Wakaishi," akaendelea. "Walikuwa na nyumba. Nyumba ilikuwa... ilikuwa kubwa kiasi. Huyo mtu akafa. Wakaendelea kuishi. Siku moja akaja mfalme."

Wallahi alikuwa hajui. Hajui pa kupanda wala pa kushuka. Alikwama hapo kwa mfalme, na mvua ikajaza chumba.

"Mfalme wa wapi?"

Sauti ilitoka ukutani, kavu kama kuti.

"Wa... wa mbali."

"Alitaka nini?"

"Alitaka mke mkubwa aende kumsemea. Na mke mdogo akaambiwa, wewe nyamaza."

"Alikuwa mjakazi wake?"

"Hapana, dada."

"Alikuwa bubu?"

"Hapana."

"Basi alinyamazia nini?"

Mwitikiaji akaweka bakuli chini. "Alidhani ni zawadi. Alidhani mwenzake anaitaka."

"Nani alimwambia anaitaka?"

"Hakuuliza."

"Yeye?" Kitanda kikalia. Bi Mkubwa alikuwa anajigeuza, polepole, anahema, mpaka wakawa wanatazamana. "Yeye hakuuliza?"

"Hakuuliza. Akaja kuitwa jina lake. Akasimama akaitika. Watu walikuwa wanapiga makofi."

Macho ya Bi Mkubwa yalikuwa yanapita usoni mwa mwenzake kama anatafuta mahali.

"Aliitika?"

"Aliitika."

"Mke mkubwa hakusikia."

"Najua."

Nikainamia miguu yangu. Nilikuwa nalia, na sikutaka wanione, wangenituma kitu.

"Hadithi mbaya sana hii," akasema Bi Mkubwa mwisho. "Umemleta mfalme hujamtafutia hata farasi. Na nyumba kubwa kiasi ndio nini? Nani atakaa asikilize nyumba kubwa kiasi?"

"Sijui kutoa."

"Naona. Rudi mwanzo."

"Dada, uji unapoa."

"Rudi mwanzo, weye. Wakati mume yuko hai. Alikuwa na kazi gani?"

Mwitikiaji akavuta kigoda karibu na kitanda. Nikachukua bakuli nikaenda jikoni kuwasha moto, kuni zimelowa zote, nikapuliza mpaka macho yakawaka. Huko chumbani nilimsikia anaanza upya, anakosea, anarekebishwa.